Alama pajani, laptopu inajizima: Chanzo ni kimoja

Kwa wiki tatu mama mmoja mkazi wa Tabata, jijini Dar es Salaam, alikuwa akimpaka mwanawe dawa ya fangasi. Kijana ana miaka 16, amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani akisubiri matokeo. Alama ilikuwa kwenye paja la kulia, juu kidogo ya goti: mistari ya rangi ya kahawia iliyokatizana kama wavu wa kuvulia samaki. Haikuwasha, haikuuma, haikuwa na magamba. Tyubu ya kwanza ilinunuliwa duka la dawa la mtaani, ikaisha. Ya pili nayo ikaisha. Ya tatu ilipendekezwa na jirani ambaye hajawahi kukosa jibu la ugonjwa wowote.

Wiki hizohizo kijana naye alikuwa na mgonjwa wake wa kuuguza. Laptopu yake ya gemu, iliyonunuliwa ikiwa tayari imetumika, ilianza kunguruma kama pampu ya maji. Akicheza gemu la mpira kwa dakika 20 hivi, picha zinaanza kukwama, wachezaji wanakimbia kama waliofungwa mawe miguuni, kisha kioo kinakuwa cheusi na mashine inazima yenyewe. Akiiacha ipoe inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nyumbani mambo hayo yalihesabiwa kuwa matatizo mawili: ngozi ni ya daktari, kompyuta ni ya fundi. Aliyeyaunganisha ni daktari wa kituo cha afya ambako mama alimpeleka mwanawe baada ya kuchoka na tyubu.

"Shikamoo daktari," kijana alisalimia.

"Marahaba. Hebu niambie, huwa unaweka nini kwenye hili paja?"

Kijana alimtazama mama yake kwanza. "Kompyuta."

"Kwa muda gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?" mama alidakia. "Daktari, mimi naamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, namkuta yuko macho, kaipakata."

Daktari hakuandika dawa. Alisema joto hilo liondolewe kwenye paja, na kijana arudi baada ya miezi miwili.

Kitaalamu hali hii ina jina la Kilatini lenye maana ya wekundu utokanao na moto. Haihitaji joto la kuunguza. Ngozi ikipata joto la nyuzi 43 hadi 47 za Selsiasi, ambalo mtu analivumilia bila kushtuka, tena na tena kwa wiki au miezi, mishipa midogo ya damu iliyo karibu na uso wa ngozi hudhurika na rangi hubadilika kwa kufuata mtandao wa mishipa hiyo. Ndiyo maana alama inakuwa na umbo la wavu. Kwenye ngozi nyeupe huanza na wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, mzazi anakuja kuona ukahawia au weusi tu, na hapo ndipo fangasi inaposingiziwa.

Zamani ulikuwa ugonjwa wa watu wanaokaa na moto: wazee wa nchi za baridi waliojisogeza karibu na jiko la makaa, waokaji mikate, wapishi, na watu wenye maumivu ya mgongo wanaojikanda kila siku kwa chupa ya maji ya moto. Mama alipoelezwa hivyo aliinua gauni kidogo akaangalia miundi yake. Daktari alikuwa ameshaiangalia.

Kisa cha kijana huyu si kigeni kwa madaktari. Mwaka 2010 madaktari wa ngozi wa Uswisi waliandika katika jarida la Pediatrics kuhusu mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akicheza gemu saa kadhaa kila siku, kwa miezi, laptopu ikiwa mapajani. Alama ilitokea paja la kushoto. Mtoto mwenyewe alikuwa ametambua kwamba upande huo wa mashine ni wa moto zaidi, lakini hakubadili mkao. Mzazi yeyote aliyewahi kumwita mtoto aliye katikati ya gemu mara nne bila kuitikiwa anaelewa jambo hilo bila kuhitaji jarida.

Kwa wengi alama hufifia yenyewe joto likiondolewa mapema, ingawa huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Joto likiendelea kwa miaka, rangi inaweza kubaki moja kwa moja na, kwa nadra, sehemu hiyo ya ngozi inaweza kupata saratani. Kwa hiyo kidonda au uvimbe unaoota juu ya alama ya zamani usisubiriwe. Na dawa ya fangasi haifanyi kitu, kwa sababu hapo hapana fangasi.

Wazazi wa wavulana wana swali jingine, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: na uzazi je? Upo utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, uliohusisha wanaume 29 wenye afya, wenye umri wa miaka 21 hadi 35. Baada ya saa moja ya kukaa na laptopu inayofanya kazi mapajani, joto la korodani lilipanda kwa zaidi ya nyuzi 2.5. Lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo, nyuzi 2.1, ilitokana na kubana mapaja tu ili mashine isianguke, hata bila mashine yenyewe kuwaka. Watafiti walipima joto, hawakupima nani alipata mtoto na nani alikosa. Habari hiyo si ya kumtishia kijana wa kidato cha nne. Ni sababu nyingine nzuri ya kumtafutia meza.

Kiswahili nacho kina lawama yake kidogo. Jina sanifu la kifaa hiki ni kompyuta mpakato, kitu cha kupakatwa kama mtoto. Kwa kompyuta ya kuandikia barua jina linafaa. Kwa laptopu ya gemu, ni sawa na kuita pasi mpakato.

Tofauti iko kwenye chipu ya grafiki, ambayo kazi yake ni kuchora kila kinachoonekana kwenye kioo. Kwenye gemu la mpira inachora uwanja mzima, majani, jezi, vivuli na mashabiki, mara 60 au zaidi kwa kila sekunde moja. Kwa kazi hiyo hula umeme wa wati 60, 80, na kwenye mashine kubwa hata zaidi ya 100, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Wazazi wengi wanaikumbuka globu ya zamani ya wati 100, ile ambayo ikiwaka haishikiki. Chukua joto la globu hiyo, liweke kwenye kipande kinachokaribia ukubwa wa sarafu, kisha kifungie kipande hicho ndani ya boksi lenye unene wa vidole viwili. Hiyo ndiyo laptopu ya gemu.

Ili isiungue, watengenezaji wameweka mfumo unaofanana sana na mwili wa binadamu. Juu ya chipu kuna bamba la shaba. Kutoka kwenye bamba hilo linatoka bomba jembamba, pia la shaba, ambalo ndani lina maji kidogo sana. Maji hayo yanageuka mvuke upande wa chipu, mvuke unakimbilia upande wa pili, unapoa, unarudi kuwa maji. Huko mwisho wa bomba kuna mapezi membamba ya chuma yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, na feni inayavutia hewa kutoka chini ya mashine na kuitupa nje kwa nyuma au ubavuni. Damu hufanya hivyohivyo: inabeba joto kutoka ndani na kulileta kwenye ngozi, ambako hewa na jasho vinaliondoa.

Sasa mtu akijifunika blanketi mchana wa Januari, atapata nini? Kijana wa Tabata alikuwa akicheza kitandani, ndani ya chandarua, mashine ikiwa nusu pajani na nusu kwenye godoro. Matundu ya kuvutia hewa yako chini. Godoro liliyaziba, na pale yasipozibwa na godoro yalizibwa na paja. Hewa ndogo iliyobaki ilikuwa ileile ya ndani ya chandarua, ikizunguka na kuzidi kupata moto.

Hali ya hewa nayo ina mchango wake. Chumba chenye nyuzi 32 badala ya 22 kinaiongezea chipu takriban nyuzi hizohizo 10, kwa kuwa mashine haiwezi kupoa chini ya hewa inayoivuta. Laptopu iliyofanya kazi vizuri kwenye nchi ya baridi, ikauzwa, ikasafirishwa hadi Pwani, inaanza maisha mapya ikiwa na mzigo ambao haikuwa nao.

Chipu nyingi za grafiki za laptopu hufika nyuzi 70 hadi 85 wakati wa gemu, na hilo si la kutisha. Zikikaribia 90 zinaanza kujipunguzia kasi ili joto lishuke, na hapo ndipo picha zinapokwama. Isipotosha, mashine inajizima. Mzazi anaweza kulichukulia hilo kama homa: ni mwili unajitetea, na kinachotafutwa ni kilichosababisha.

Fundi wa kwanza aliyepelekewa laptopu hii hakutafuta. Aliiwasha, akaisikiliza inavyonguruma, akaizima.

"Mama, hapa chipu imekufa. Tutaipiga moto kwa bloa, inarudi. Laki moja na nusu."

"Imeugua kwa moto, mnaitibu kwa moto?"

Fundi alicheka. Mama alichukua laptopu yake akaondoka, na swali lake lilikuwa la maana kuliko alivyodhani.

Tiba hiyo ina historia. Mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya laptopu ambazo chipu zake za grafiki zilikuwa zikifa mapema, kutokana na udhaifu wa malighafi za kuifungia chipu. Kila mashine ilipopata moto na kupoa, viungio vidogo vinavyoishikilia chipu vilitanuka na kusinyaa, mpaka vikapasuka. Miaka hiyo ulienea mtindo wa kung'oa ubao wa kompyuta na kuuoka kwenye oveni ya nyumbani, nyuzi 200 hivi kwa dakika chache, kama keki. Baadhi ya mashine ziliwaka, wenyewe wakashangilia, na baada ya siku au wiki kadhaa zikafa tena, kwa sababu ufa ulikuwa umebanwa kwa muda tu. Zaidi ya hapo, lehemu ya kisasa isiyo na madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Oveni ya nyuzi 200 haiyeyushi hata kile kilichokusudiwa.

Kwa upande wa afya, hili ndilo la kukemea kuliko yote. Bado kuna vijana wanaoona video hizo na kutazama oveni ya mama yao kwa macho mengine. Ubao wa kompyuta una plastiki, gundi na kemikali ambazo zikipashwa moto hutoa moshi usiofaa kuvutwa na mtu. Zile za zamani zina risasi kwenye lehemu; nchi za Umoja wa Ulaya ziliizuia kwenye vifaa vingi vya umeme kuanzia Julai 2006, lakini vilivyotengenezwa kabla ya hapo vingine bado vinazunguka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwenye ubongo. Oveni inayooka mkate wa chai haiwi karakana, na wala sufuria juu ya jiko la mkaa haiwi.

Chipu iliyokufa kweli huwa na dalili zake. Mistari ya rangi au vimraba vinajaa kwenye kioo mara tu mashine inapowashwa, ikiwa bado ya baridi, hata kabla ya gemu lolote. Laptopu ya Tabata ilikuwa safi kabisa kwa dakika 20 za kwanza. Mgonjwa wa namna hiyo tatizo lake ni pumzi.

Fundi wa pili alipatikana kupitia binamu wa kijana, na sharti la mama lilikuwa moja: ifunguliwe mbele yake. Kabla ya kuifungua fundi alifanya jambo ambalo kila mzazi anaweza kulidai. Alipima. Alibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, akachagua Performance, na kwenye jina la chipu ya grafiki kukaonekana nyuzi. Windows 10 zilizosasishwa tangu mwaka 2020 na zilizofuata zinaonyesha joto la chipu ya grafiki inayojitegemea hapohapo, bila kununua programu yoyote. Akamwambia kijana aanzishe gemu. Ndani ya robo saa ilisoma 94.

Kisha akaizima, akachomoa chaja, akaigeuza na kufungua skrubu za chini. Kitu cha kwanza alichokitenganisha ndani ilikuwa betri. Feni ilipotolewa, kati yake na yale mapezi kulikuwa na vumbi lililogandamana, likatoka zima kama kipande cha sponji. Mama aliliomba alishike. Lilikuwa na mafuta.

"Chumba anachochezea kiko karibu na jikoni, mama?"

Kiko ukuta mmoja na jiko la vitumbua. Mvuke wa mafuta ya kukaangia unanata kwenye vumbi na kulifanya lisipulizike. Mama hakusema kitu, na kijana, kwa busara zake, naye hakusema.

Wengi hupuliza hewa kwenye matundu kutoka nje na kuamini wamesafisha. Kwa vumbi jepesi inasaidia. Kwa blanketi kama lile, hewa inalisukuma tu likajibane sehemu nyingine. Na yeyote anayepuliza, iwe kwa kopo la hewa au kwa mashine, lazima aizuie feni isizunguke, kwa kijiti au kidole, kwa kuwa ikizungushwa kwa kasi isiyo yake inaharibika na inaweza hata kurudisha umeme kwenye ubao. Maji hayahusiki hapa kabisa, na petroli hata isitajwe, ingawa hutumika.

Baada ya vumbi ilifuata sehemu ambayo mafundi wa haraka huiruka. Kati ya chipu na lile bamba la shaba huwa kuna pesti maalumu ya kupitisha joto. Vyuma viwili vikigusana, hata viwe laini vipi, vinabaki na vinafasi vya hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Pesti inajaza vinafasi hivyo. Baada ya miaka kadhaa ya joto inakauka, inakuwa kama udongo wa ufinyanzi uliopasuka, na hapo bamba linakuwa limeikalia chipu bila kuichukulia joto lake. Fundi aliifuta ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti yenye nguvu ya asilimia 90 na kuendelea, akasubiri ikauke, akaweka mpya kiasi kidogo katikati. Vile vipande laini kama ufizi vilivyokaa juu ya chipu za kumbukumbu hakuvigusa, maana vile havibadilishwi kwa pesti. Vina unene wake. Skrubu za bamba alizikaza kidogokidogo kwa kukatiza pembe, akifuata namba zilizochongwa pembeni mwake, ili bamba lisilalie upande mmoja na kuvunja chipu.

Kijana aliuliza kama ni kweli dawa ya mswaki inaweza kutumika badala ya pesti. Inaweza, kwa muda mfupi. Ina maji, maji yanakauka, na baada ya hapo mtu anabaki na chipu yenye meno safi na joto lilelile.

Je, mzazi au kijana mwenyewe aifanye kazi hii nyumbani? Mwenye mkono mtulivu, bisibisi sahihi na subira anaweza kufungua mfuniko na kuondoa vumbi. Kung'oa bamba la shaba ni hatua nyingine. Nyaya za humo ndani ni nyembamba kama karatasi, na klipu moja ikivunjika, gharama inapita ile ya fundi. Kama mashine bado ina dhamana, kufungua kunaweza kuifuta. Na mtoto wa miaka 12 asiachwe peke yake na bisibisi na betri ya lithiamu kwa sababu tu anajua kompyuta kuliko baba yake.

Betri yenyewe isisahaulike. Haipendi joto, na ikikaa jirani na chipu inayochemka kwa miezi inaweza kuvimba. Mzazi atajua kwa kuona kibodi au sehemu ya kuchezeshea kidole imenyanyuka, mfuniko haufungi sawasawa, au mashine inayumba ikiwekwa juu ya meza tambarare. Ikifika hapo laptopu izimwe, isichajiwe tena, betri ikatolewe na fundi. Isitobolewe ili itoke upepo, kama wapo wanaoshauri. Kinachotoka si upepo, na inaweza kushika moto. Kwa sababu hiyohiyo, laptopu ya gemu iliyochomekwa chaja na kuachwa ikifanya kazi juu ya godoro, chandarua kikiwa kimeshushwa na mtoto kalala pembeni, ni jambo la kumwamshia.

Gharama ya fundi wa pili ilikuwa sehemu ndogo ya ile laki na nusu. Gemu lilelile, muda uleule, ilisoma 79. Halafu akaongeza kitu cha bure: kwenye mipangilio ya gemu aliweka kikomo cha picha 60 kwa sekunde. Mashine ilikuwa ikijichosha kuchora zaidi ya 100 wakati kioo chake kinaonyesha 60 tu. Ikashuka hadi 74, na ngurumo ikapungua kiasi kwamba mama aliuliza kama imezimika.

Nyumbani, meza ya plastiki ya biashara ilihamishiwa chumbani kwa kijana jioni, na alfajiri inarudi kazini kwake. Chini ya miguu ya nyuma ya laptopu kuna vizibo viwili vya chupa ya maji, vinavyoinyanyua mgongo ili feni ipate hewa. Vinafanya kazi yake bila kuhitaji vile vibao vyenye taa za rangi vinavyouzwa kwa bei ya kuku wawili. Kitandani hairuhusiwi. Kwenye suala la saa bado wanavutana. Kijana anasema mashine sasa haipati moto, kwa hiyo sababu ya kuizima saa nne usiku imekwisha. Mama anasema aliyekuwa hapati usingizi si mashine.

Waliporudi kituo cha afya baada ya miezi miwili, wavu ulikuwa umebaki kivuli, unaonekana kwa anayejua pa kuangalia. Daktari alimwambia kijana aendelee kulitazama paja hilo, akamgeukia mama na kuuliza kuhusu jiko la vitumbua, kama limenyanyuliwa au bado anakaa nalo miguu ikiwa pande zote mbili. Bado. Tyubu ya tatu ya dawa ya fangasi, ambayo haikuwahi kutolewa kwenye boksi lake, amerudishiwa jirani.